Mke Mwenza Mwenye Mkia

Banda la panya hunuka panya, hilo hata mtoto wa chekechea anajua. La Daktari Méthode pale Majengo, mwaka tisini na sita, lilinuka udi. Anayebisha abishe; kuanzia Mpanda hadi Ikola hakuna pua kama yangu.

Ndani alikaa panya buku jike, mtunzaji wake Uwesu. Panya kapachikwa kichwani nyaya za kusikiliza ubongo, sauti inatokea kwenye spika, na kijiuzi chembamba kuliko unywele cha kuonja kemikali zake. Juu yake kamera inapiga picha damu ikikimbilia sehemu ya ubongo iliyo kazini. Daktari alisema picha peke yake inaweza kudanganya, anataka vyote vitatu viseme pamoja.

Vikasema. Uwesu akiingia, spika kimya. Mkewe Zubeda akileta chakula, inachachatika kama mafuta ya moto yaliyoingia maji, kipimo cha kemikali kinaruka, na kwenye kioo cha kamera ubongo unaingia doa jeusi.

"Ana wivu huyo," Uwesu akacheka. "Mke mdogo."

Zubeda hakucheka. Alishamsikia mumewe akimbembeleza yule mnyama kwa sauti ambayo yeye aliisikia mara ya mwisho wakiwa wachumba.

Akaenda kwa Bi Hadia, mganga wa majini. Bi Hadia alinusa kanga ya Zubeda, akashusha sauti.

"Jini mahaba huyo, mwanangu, anamtaka mumeo. Panya ni kiti chake tu. Msimuue. Mkivunja kiti atatafuta kingine, na hatakwenda mbali. Ngoja nije nimtoe taratibu."

Zubeda aliporudi bandani, Daktari alikuwa anamwambia Uwesu kwamba kazi imekwisha, panya auawe, ubongo ukatwe waone nyaya zilikaa wapi. Uwesu akalia kama aliyefiwa. Machozi yale ndiyo yaliyomfunga Zubeda mdomo, onyo la Bi Hadia asiliseme. Akasimama mlangoni akatazama, na panya akamtazama yeye mpaka alipokata roho.

Kesho yake mchana Josefina muuza maandazi alipita bandani akimtania Uwesu, shemeji leo hununui, na hapo ile spika, jenereta imezimwa, nyaya zinaning'inia bila kichwa, ikaanza kuchachatika, kidogo kidogo, halafu kwa nguvu, harufu ya udi ikajaa banda zima, na Uwesu alipogeuka akamwona mkewe nyuma yake, kichwa kakiinamisha upande, pua inachezacheza.

"Nani huyo?" Zubeda akauliza, kwa sauti tamu isiyo yake. "Mwambie asirudi, mume wangu."

Akamshika Uwesu shingo. Spika ikanyamaza.