Mteja wa Kasomeno

Mapalo alizungumza dakika mbili. Simu ikarekodi dakika sita.

Aliitazama ile hesabu kwenye kioo, akaipangusa kwa kidole kama vumbi, ikabaki vilevile. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine ila Nono, mtoto wa dada yake, wa miaka mitano, na huyo alikuwa uani akimpikia mwanasesere wake ugali wa matope, bukari kama wanavyoiita kwao. Ilikuwa saa nane mchana, jua la mtaa wao wa Katuba linapasua bati. Haya, simu imezeeka, Mapalo akajiambia. Mimi ninayesimulia simcheki. Nani kati yetu angekimbia nyumba kwa ajili ya dakika nne?

Alikuwa kwenye stage, yaani mafunzo ya kazi, ya mtandaoni. Unajifunza kuuza programu za kompyuta hapohapo kwenye simu yako, unapewa kazi kana kwamba umeajiriwa, na ukishatuma kazi tano unapata cheti. Duka moja la kompyuta pale mjini lilikuwa limemwambia wazi: lete cheti, tutakujaribu. Ni mwaka wa pili tangu amalize chuo, na muda wote huo alikuwa anakula kwa dada yake Benita, mwalimu wa shule ya msingi. Benita hakuwahi kusema neno, lakini Mapalo alihesabu kila tonge kama deni.

Kazi ya pili ilikuwa kumpigia mteja wa kubuni. Unasema maneno yako, unanyamaza kidogo pale ambapo mteja angejibu, unaendelea, kisha unajisikiliza. "Msimtoe mteja hewani," alisema mwalimu wa kwenye video. "Chukueni mtu mnayemjua, mumwite kwa jina lake, mumwone amekaa mbele yenu."

Basi Mapalo akamchukua mama Chilufya, dada mkubwa wa marehemu mama yao, aliyekuwa na depo ya samaki wakavu kule Kasomeno. Mama yule alijua kila kifurushi kilipo bila kuandika hata herufi moja. Programu ya kufuatilia bidhaa ungemuuzia nani kama si yeye? Ila mama Chilufya alikuwa amekufa tangu mvua za mwaka jana, na jina lake lilikuwa halijapyanwa. Katika ukoo wao, mtu akifa, mmoja wa ndugu hulikamata jina lake: hunyweshwa maji, huvikwa ushanga mweupe, na marehemu anapata pa kutulia. Benita ndiye aliyekataa. Pasta wake alisema hayo ni mambo ya giza, ndugu wakabishana mpaka wakachoka, kila mtu akarudi kwake. Jina likabaki nje.

Mapalo akabonyeza asikilize.

"Bonjour mama Chilufya. Ni miye Mapalo. Uko na dakika mbili?"

Hapo alikuwa amenyamaza sekunde tatu tu, alikumbuka vizuri. Kwenye simu ukimya ukaenda, ukaenda, na ndani yake kigoda kikaburutwa sakafuni, mtu mzito akakaa, akahema.

"Mama, kule kwako, ni nini unakosa?"

"Fasi," sauti ya mwanamke ikajibu, kwa mbali, kama mtu aliyegeukia ukuta. "Siko na fasi ya kukaa, siko na pahali."

Kisha ikafuata sauti ya Mapalo mwenyewe, changamfu, kwa vile somo lilisema usimwache mteja hivihivi bila kumpa siku: "Sawa mama. Ile unakosa, miye nitakutafutia. Ijumaa narudi kwako. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

Mapalo akaitupa simu mezani. Na hapo ndipo harufu ilipomfikia, harufu ya samaki mkavu, nzito, inayokaa kwenye nywele, na jikoni mle siku hiyo kulikuwa na sombe tu, mboga ya majani ya muhogo.

Alifuta. Akaanza upya na mteja mwingine, Laurent, muuza vipuri ambaye hajawahi kuzaliwa. "Bonjour monsieur Laurent..." Alipojisikiliza, sauti ilikuwa imekaribia, kama ya mtu aliyeinama begani kwake.

"Laurent njo nani? Shi uliita miye, mama Chilufya."

Sasa mtaniuliza kwa nini hakumwambia dada yake. Woga, jamani! Benita angempigia pasta, pasta angesema simu ichomwe, na cheti kingeungua pamoja nayo. Mapalo akafunga mdomo Jumatano, akaufunga Alhamisi, huku harufu ikihama jikoni, ikaingia ukumbini, ikalala kwenye godoro analolala na Nono.

Ijumaa mchana alimwita Nono aje ale, Nono hakuitika, akamwita tena, kimya, akatoka uani akiwa na mwiko mkononi na akamkuta mtoto amekaa chini kwenye kivuli cha ukuta, miguu ameinyoosha mbele kama mwanamke mkubwa aliyechoka sokoni, kitenge cha mama yake amekitandika kitupu mbele yake, na vidole vyake vidogo vilikuwa vinaokota kitu ambacho hakipo, vinakipima kwa kukinyanyua, vinakipangusa mchanga, vinakiweka kulia, vinaokota kingine, vinakiweka kushoto, haraka haraka, bila kukosea, namna ileile mama Chilufya alivyokuwa akichagua samaki wakubwa na wadogo.

Mapalo akachutama mbele yake. "Nono," akanong'ona.

Mtoto akainua uso. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya mtu wa makamo. "Leo ni Ijumaa. Ulisema utanitafutia fasi. Niliona unachelewa, nikajitafutia. Hapa nimekaa, ila kunabana."

Benita aliporudi kutoka shule aliwakuta hivyo, mmoja anapanga samaki wasiokuwepo, mwingine amepiga magoti na analia bila sauti.

"Mapalo, mutoto yangu iko na nini?"

"Yaya, dada yangu, unisamehe. Nilimuita mama Chilufya."

"Ulimuita namna gani?"

"Kwa kazi ya stage. Nilimuuliza ni nini anakosa."

Benita hakutaja pasta. Alimpigia mjomba wao Aaron, mchomea vyuma, na Aaron akafika kwa pikipiki akiwa bado na ovaroli yenye matundu ya cheche. Hakutaka kuambiwa mara mbili. Alimtazama mtoto, akaondoa kofia.

"Uliuliza muntu mwenye alikufa iko na lazima ya nini," akamwambia Mapalo kwa sauti ya chini, "na ukamupa siku. Sasa hatoke bure. Muntu moja anapashwa kukamata jina leo. Jua likizama, atalikamata huyu mutoto, na huyu iko mudogo sana, atapasuka."

"Miye njo mama yake," Benita akasema. "Nitakamata miye."

"Weye ulikataa. Hatakuitika."

Midomo ya Nono ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Mapalo alimpenda mtoto huyo kuliko cheti, kuliko kazi, kuliko nafsi yake. Akapangusa machozi.

"Mujomba, unipe miye."

Aaron alimpaka unga kipajini, akamfunga ushanga mweupe, akamshikia kikombe. Mapalo akanywa mara mbili. "Chilufya, fasi yako ni hii," Aaron akasema. Nono akaangukia ubavu kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, na alipoamka alikuwa na njaa. Alikula bukari mpaka akalamba sahani. Benita alicheka na kulia kwa pamoja, na ile harufu ikakatika kama iliyofungiwa mlango.

Asubuhi ya Jumamosi Benita, Nono na Mapalo walikuwa ukumbini. Mikono ya Mapalo ikafunguka. "Kuya, Nono. Kuya kwa tante, mama mudogo wako."

Nono akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa magoti ya mama yake.

"Hapana! Weye ni ule mama mwenye alinikalia. Tante Mapalo iko wapi?"

"Nono, adabu!" Benita akasema, akamgeukia mdogo wake wacheke pamoja.

"Usilie, mutoto," kinywa cha Mapalo kikajibu kwa upole. "Iko inje. Kwenye nilikuwa miye."

Mapalo aliyasikia maneno hayo kupitia mlango uliofungwa, akiwa mahali penye baridi, penye giza, pasipo na ukuta wa kuegemea. Akaugonga mlango kwa ngumi mbili, akamwita yaya, akamwita Nono, akagonga tena. Ndani, Benita alikuwa anauliza nani atakunywa chai.