Zimwi la Kidoti

Kila Jumatano, baada ya mapumziko, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita huenda chekechea kuwasomea wadogo hadithi. Jumatano hiyo zamu ilimwangukia msichana aitwaye Maswali. Jina hilo alipewa na wenzake, na lilimkaa. Alishamuuliza mama yake, fundi cherehani, kwa nini uzi hukatika mtu akiwa na haraka, mpaka mama akamwomba apumzishe ulimi.

Mwalimu wa chekechea alimpa kitabu chembamba chenye jalada la kijani.

"Kisome chote mwenyewe kwanza, mwanangu, ndipo uwasomee."

"Sawa, mwalimu."

Lakini hakukisoma. Si kwamba alikuwa mvivu. Alijizuia makusudi, kama mtu anayebakiza nyama mpaka mwisho wa sahani. Alitaka ashangae pamoja na watoto.

Watoto wakaketi mkekani. Hadithi ilikuwa ya zimwi lililopita kijijini likimeza sauti. Lilimeza sauti ya jogoo, likameza mlio wa ngoma, likameza na kicheko cha mjomba mmoja. Maswali alisoma kwa sauti nzito, na watoto wakasogeleana macho yamewatoka pima. Zimwi likamkuta binti mdogo akiimba. Likafungua mdomo, hap! Kengele ikalia.

"Tutaendelea wiki ijayo," Maswali akasema, akafunga kitabu kwa maringo.

Kesho yake asubuhi mwokaji mikate alifika shuleni, unga bado mikononi, amemshika mkono binti yake. Huyo ndiye Kidoti, mdogo kuliko wote chekechea na msemaji kuliko wote. Mwalimu humwita redio isiyoishiwa betri.

"Mwalimu, mwanangu tangu jana hajatoa hata neno," mwokaji akasema. "Chai anaomba kwa kidole! Nimemwambia mazimwi hayapo, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nifanyeje mimi?"

Maswali akaitwa.

"Ile hadithi inaishaje?" mwalimu akamuuliza.

"Sijui, mwalimu. Sijafika mwisho." Alimtazama Kidoti, na roho ikamuuma kwelikweli. Mtoto yule alikuwa akiimba hata akifunga viatu. Je, kama hatasema tena?

Mwalimu hakumgombeza. "Basi kaa usome. Leo sote tuujue huo mwisho."

Maswali akasoma. Kumbe kijijini kulibaki mtoto mmoja ambaye sauti yake ilisahauliwa kwa kuwa alikuwa amelala. Alipoamka akalisogelea zimwi, akaita, "Kitendawili!" Zimwi, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa limelelewa kwa adabu. Likashindwa kunyamaza. Lilipofungua mdomo kujibu "Tega!", sauti zote zikaruka nje.

Watoto wakapiga makofi. Kidoti naye akapiga, lakini mdomo wake ulibaki umefungwa, kimya kama maji mtungini.

Maswali akashangaa. Zimwi limeshashindwa, sasa anaogopa nini? Ndipo alipogundua kwamba tangu jana kila mtu alikuwa akimwambia Kidoti jambo, ila hakuna aliyemuuliza. Akampa karatasi na kalamu za rangi.

"Hebu nichoree zimwi lako, mdogo wangu."

Kidoti akachora polepole. Zimwi lake lilikuwa fupi, lenye manyoya, na tumbo lililojaa mistari ya rangi. Mdomo ulikuwa mstari mmoja, wenye vijistari vilivyoukata juu na chini. Mtoto wa fundi hakuhitaji kuelezwa.

"Huu ni mshono? Zimwi lako limeshonwa mdomo?"

Kidoti akatikisa kichwa kukubali.

"Na sauti yako ni ipi humu tumboni?"

Kidole kikagusa mstari mwekundu.

"Kumbe! Sasa hata likiitikia, sauti zitatokea wapi?" Maswali akasema. "Lakini mshono hufumuliwa. Mama yangu hufumua kila siku, tena huku anaimba."

Wakati wa chakula cha mchana alikimbia nyumbani, akarudi na mfuko wa vipande vya nguo. Mwalimu akatoa boksi la sabuni. Watoto wakalipaka rangi na kulibandika manyoya ya uzi. Maswali akajaza vitambaa vya rangi tumboni, akaushona mdomo kama ulivyochorwa, akajificha nyuma ya boksi.

Mwalimu akamshika Kidoti mkono wenye mkasi. Wakakata uzi wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho.

"Kitendawili!" darasa zima likaita.

"Tega!" zimwi likanguruma. Mdomo ukaanguka wazi, vitambaa vikamwagika, na kila mtoto akagombania chake. Chekundu Kidoti alikiokota, akakikumbatia.

Wote waliita, lakini hakuna aliyekuwa na kitendawili!

"Tega basi," zimwi likabembeleza. "Nangoja."

Watoto wakaanza kusukumana, wewe tega, wewe tega.

"Nyumba yangu haina mlango," ikasema sauti ndogo, kavu kidogo.

Maswali alijua jibu, nani asiyelijua? Lakini alitaka kuisikia tena sauti ile. "Nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji!" Kidoti akadai.

"Chukua huu wetu, na shule yake!"

"Yai!" Kidoti akapiga kelele, na tangu hapo hakunyamaza tena mpaka jioni. Baba yake alipokuja kumchukua na kumsikia akiimba toka mlangoni, alijifuta machozi kwa mkono wenye unga, uso ukawa mweupe, na watoto wakavunjika mbavu.

Wadogo walipoondoka, mwalimu alimwita Maswali.

"Kushangaa ni kuzuri, mwanangu, usiache. Umemponya yule mtoto kwa kuuliza. Ila ukiwashika wadogo mkono kuwapitisha gizani, wewe uwe umeshafika upande wa pili. Ndiyo maana nilisema usome kwanza."

"Nimeelewa, mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu akampa kitabu kingine. Nje, Kidoti alikuwa amemtoroka baba yake ili amngoje Maswali.

"Hicho kinaishaje, dada?"

"Ningoje nifike mwisho kwanza," Maswali akasema, akaketi palepale kwenye ngazi, akafungua ukurasa wa kwanza.