Neno la Herufi Moja

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa nne na robo asubuhi, ndani ya ofisi moja ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, yenye feni isiyozunguka, Elisée alijibu swali kwa Kifaransa. "J'y tiens," alisema. Hapo mambo yote yakaharibika.

Miaka miwili kabla yake dunia ilikuwa tamu. Elisée alipeleka maharage yake soko la mji wa Mbarara, gunia begani, akapita mbele ya duka la vitenge la Mama Madinah. Vitenge vilining'inia hadi barabarani, vinanukia wanga, na nyuma yavyo msichana alikuwa anamsifia mteja kitambaa kwa Kifaransa. Huyo ndiye Nabintu, Mkongo wa Kivu Kusini kama yeye, gauni la rangi ya machungwa, kalamu ya biki imechomekwa kwenye nywele. Elisée aliacha shule darasa la nne, lakini mwanaume akishaona gauni kama lile anataka kujionyesha.

"Mademoiselle, soko ya maharage, je vais là."

Nabintu alicheka kwa macho tu. "Ile ni ya mutoto, papa. Sema 'j'y vais'. Ile y njo fasi, njo mahali. Inabeba fasi yote, hauitaje tena."

"Na kama fasi yenyewe ni hapa?"

"Basi unabaki. J'y reste."

"J'y reste," Elisée akasema, akatua gunia.

"Nabintu," Madinah akaita kutoka ndani, kwa Kiswahili chake cha Mbarara, "wewe nauza kitenge ama nafungua shule? Huyu ssebo, huyu bwana, nafunga mlango na gunia yake."

Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa na sababu ya kwenda Mbarara. Siku nyingine somo lilipita kwenye simu.

"Chéri, leo ni y ya vitu. Unafikiria mvua?"

"J'y pense."

"Bien. Unamufikiria Nabintu?"

"J'y pense."

"Hapana. Mutu hatumuweke mu y. Unasema 'je pense à elle'. Miye siko mvua."

"Uko mvua yangu."

"Unakimbia somo, weye."

Walifunga ndoa kanisani Nakivale, wakaomba kupelekwa nchi inayosema Kifaransa. Ndipo ikafika Jumanne ile. Waliitwa kuhojiwa mmoja mmoja. Mkubwa wa ofisi akamuuliza Elisée kama anashikamana kweli na mke wake. Ulimi ulikauka kwa woga, ukaokota neno fupi lililokuwa karibu, ile y ya vitu, kama kusema "nashikamana nacho". Mkubwa akaandika kwamba mtu huyu anamtaja mkewe kama kitu, ndoa ina mashaka. Nabintu alipoingia, akamsomea jibu lile. Watu ambao hawajawahi kupanga foleni ya maji ndio hao wanaopima moyo wa mtu kwa herufi moja.

Nabintu alitoka nje, kitambaa cha kichwa kimemlegea.

"Ulisema 'j'y tiens'. Kama shamba. Kama mbuzi. Miezi yote ile haukunisikilizaka hata siku moja?"

"Nilikuwa naangalia mudomo yako, Nabintu."

"Basi uendelee kuangalia."

Akarudi kwa Madinah. Wiki tatu simu iliita bure. Ya nne akapiga yeye.

"Elisée, ku ofisi banasema faili yangu imepita. Niende peke yangu."

Elisée alisikia kelele za soko nyuma ya sauti yake, watu wanacheka.

"Na weye unasema nini?" Nabintu akauliza.

"Je tiens à toi."

"Rudilia."

"À toi. Nashikamana na weye. Weye mutu."

Akamsikia anavuta kamasi. "Uchemshe maji ya kuoga," akasema. "Nakuja. Bila weye siende fasi yoyote."

Nabintu aliwaambia hivyohivyo ofisini. Wakamjibu, tutawaita. Basi wakalima, wakangoja. Jioni alimsahihisha Kifaransa huku wakichambua maharage, na akikosea anamtupia punje. Miaka ile ilikuwa mizuri, hata kama hakuna aliyewaita. Novemba 2023 homa ikamshika Nabintu. Karatasi ya kumpeleka hospitali ya Mbarara ilingoja sahihi ya mkubwa, mkubwa alikuwa mkutanoni. Siku ya nne karatasi haikuwa na haja tena ya sahihi. Wakamzika kwenye mteremko juu ya shamba lao, na kila asubuhi Elisée hupita pale kabla ya kushika jembe.

Mwezi wa nne mwaka huu, akiwa anapalilia, simu ikalia. Karani wa kike wa ofisi ile, sauti changa, mwenye furaha kabisa.

"Papa Elisée? Félicitations, hongera. Faili yenu imepita, mutapanda ndege mwezi ujao. Nakuwa na jina yako na ya Madame Nabintu."

Elisée aliinuka polepole, udongo mikononi, uso umeelekea mteremko.

"Papa, uko unasikia? Nahakikisha tu kabla niandike. Mutasafiri bangapi?"