Kizindushi cha Mzee Mbeleje

Moyo wa Mzee Mbeleje ulisimama katikati ya utani. Alikuwa kwa kinyozi wake, mjini Dodoma, akimcheka kwa mkono wake mzito. Kizindushi, kidude kama punje ya karanga kilichopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, kiliushtua moyo kwa umeme, na mzee akamalizia sentensi yake. Hata kinyozi hakujua kwamba mteja wake alikuwa amezimia.

Wazee elfu sitini wa mji ule walikuwa nacho, na tangu kije, waliozimia wakaanguka na kuvunjika nyonga walikuwa wa kuhesabika. Aliyekibuni ni binti wa mzee huyuhuyu, Mhandisi Sechelela, mwanamke aliyedai hapendi sifa, ila akipewa hakatai.

Wiki ileile mzee alishikwa na homa kali, wakamkimbiza hospitali. Daktari Makasi alimpima, kisha akamwita Sechelela pembeni.

"Mzee anakunywa maziwa mabichi?"

"Ya mbuzi, toka utotoni. Tumemsema mpaka tumechoka."

"Humo ndimo kilimotoka kijidudu cha homa hii. Kimehamia moyoni, kimekula vali, vile vilango vya damu, na njia inayopitisha umeme wa moyo. Tungekijua mapema, dawa za miezi michache zingemponya. Sasa hakuna pa kushona, dada yangu. Pole sana. Hakuwahi kuzimia?"

Sechelela alifungua kumbukumbu za kizindushi kwenye simu yake, akahesabu mishtuo. Mara mia nne na kumi, kwa miezi miwili.

"Na hakikumwambia mtu?" Makasi aliuliza.

Hakikumwambia. Mwanzoni Sechelela alikiwekea kengele ya kumwita daktari kila mtu azimiapo. Baba yake, aliyekuwa wa kwanza kukijaribu, alikuja juu: "Mimi mbuzi, hata unifunge kengele?" Nani angembishia baba? Akaitoa, kwake na kwa mji mzima. Alimwonea baba aibu, akasahau kumwonea huruma, na sasa alijichukia.

Walipoingia wodini, mzee alikuwa akipiga soga na muuguzi, midomo imemkauka.

"Huyu ndiye mwanangu," alisema kwa fahari. "Ametustiri sisi wazee." Kisha akamtazama vizuri. "Sasa unalia nini, mama, na mimi sijaanguka hata siku moja?"