Kidole cha Masina

Kabla hakujapambazuka, mbuzi ya nazi ilikuwa ikikwaruza jikoni. Ghafla ikanyamaza.

"Masina, umelalia mbuzi?" aliuliza Bibi Salafai.

"Kidole kimelia, bibi. Kama kijiti kikavu."

Bibi akaja mbio. Kidole hicho cha mjukuu wake kilikuwa na uvimbe mgumu tangu msimu wa mvua. Kila jioni alikikanda kwa mafuta ya nazi. Kijiji chao kizima, kisiwani Savaii, kiliiamini mikono yake, lakini uvimbe haukupungua. Sasa kidole kilikuwa kimepinda.

Aliogopa hospitali. Binamu yake alikwenda na uvimbe wa goti, wakamkata mguu, na bado wakamzika.

"Lete nikikande," alisema, akichukua chupa ya mafuta.

Nesi Vailili, jirani yao, alikuwa mlangoni, amekuja kuomba kaa la moto. "Mama, ukikigusa nakufunga mikono kwa shuka lako. Kidole kilichovunjika hakikandwi."

"Watakikata? Ni saratani?"

"Sijui. Picha ya mfupa ndiyo itakayosema. Twendeni, nitakaa nanyi."

Hospitalini, daktari alipoinua picha, bibi alifumba macho. Vailili akamshika bega.

"Fumbua, mama. Daktari anasema si saratani. Ndani ya mfupa umeota uvimbe wa gegedu, kama ule mfupa laini wa sikio. Huwapata watoto mikononi, na si kosa la mtu. Lakini mfupa umebaki mwembamba kama ganda la yai. Kuukanda hakuuponyi, na kunaweza kuuvunja."

"Na kidole?"

"Kinabaki. Kitafungwa mpaka mfupa uunge. Halafu watakwangua uvimbe na kujaza vipande vya mfupa pale palipobaki wazi. Uvimbe ungekuwa mdogo, usiosumbua, wangeuangalia tu kwa picha."

Bibi akalia. "Nimemuumiza mwenyewe."

"Ulitaka apone," alisema Vailili, akimfuta machozi kwa kiganja. "Siku nyingine ukikuta uvimbe mgumu mfupani, tuletee kwanza."

Ikawa kama daktari alivyosema. Mfupa uliunga, uvimbe ukakwanguliwa, na Masina akarudi kusuka mikeka, ingawa kidole kilikuwa kizito kidogo mwanzoni. Watoto wa kijiji bado huletwa kukandwa. Bibi hupapasa kwanza. Akikuta ugumu juu ya mfupa, huacha mafuta na kumpeleka mtoto kliniki yeye mwenyewe.

Jumamosi moja Vailili alipita, akakunja na kukunjua kidole cha Masina. "Kizima," alisema.

Bibi alimsindikiza mpaka njiani. "Njoo tena kesho, tule pamoja," alisema. "Bado naogopa kukitazama kidole kile peke yangu."