Mashine ya Baba na Chuo cha Mabango

Kila asubuhi, kabla jua halijapasha mabati, Sinema alifagia karakana ya baba yake. Alikusanya vipande vya chuma kwenye kona, akapanga mabomba kwa unene wake, kisha akachukua chaki ya kuchorea chuma na kuandika. Aliandika mazungumzo ya watu wa kubuni kwenye bati lolote lililokuwa tupu: mke anamfokea mumewe, mwizi anajitetea, bibi anagoma kuhama nyumba. Baba yake, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, hakukata bati kabla ya kulisoma. Mteja akilalamika kwamba anacheleweshwa, fundi alimwambia, bila hata kucheka, angoje kidogo, mwizi bado hajahukumiwa.

Jina la Sinema alipewa na majirani, maana tangu utotoni hakuweza kusimulia hata safari ya kwenda dukani bila kutia chumvi. Mwaka ule alikuwa amemaliza sekondari, na alitaka kitu kimoja tu: kusomea uandishi wa filamu.

Vyuo vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa chuo cha umma, hapo hapo karibu na kwao, kilichofundisha lugha na sanaa za maonyesho. Ada yake fundi angeiweza kwa kujibana. Mwalimu aliyemfundisha sekondari alimshauri aende huko, kwa sababu kulikuwa na watu wanaojua kumfundisha mtu kuandika. Sinema alikunja uso. Kuta za chuo kile zilikuwa zimebanduka rangi, na hata jina lake halikuwa na neno filamu. Cha pili kilikuwa chuo binafsi katikati ya jiji, chenye mabango makubwa ya vijana wanaocheka wakiwa wamebeba kamera. Hicho ndicho kilichomkosesha usingizi.

Fundi alisema hataki kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo wakaenda pamoja kukitazama chuo cha mabango. Kufika tu, alisimama getini. Aliinama, akapitisha kidole kwenye maungio ya chuma, akalitikisa geti, akarudi nyuma kulitazama tena. Hakukuwa na mshono uliokwenda upande.

"Watu wenye geti kama hili hawafanyi mambo kwa kulipua," alisema.

Na hapo, jamani, uchunguzi wake wote ukawa umekwisha. Mzazi mwingine angeuliza habari za walimu. Yeye alimwuliza mlinzi geti lile lilichomelewa na nani.

Wakati baba akimsikiliza karani wa ofisini, Sinema alikwenda choo cha wasichana. Alimkuta msichana wa mwaka wa pili ananawa uso, macho mekundu kwa kulia. Alimwuliza kama ni kweli wanafunzi wa pale wanaandika na kupiga filamu zao wenyewe.

"Kamera nimeiona ikiwa imefungiwa kabatini," alisema yule msichana. "Mwalimu wa uandishi aliondoka mwaka jana, na mpaka leo hajaletwa mwingine. Mdogo wangu, kama hujalipa, usilipe."

Sinema akatoka bila kuuliza zaidi. Alirudi ofisini akamkuta baba yake anatabasamu, na alipoulizwa ameona nini huko ndani, alijibu kwamba kila kitu ni kizuri. Alijiambia kwamba yule dada huenda amefeli mitihani na ana hasira zake. Alijua fika kwamba anajidanganya.

Wiki iliyofuata fundi aliamua kuuza mashine yake ya kuchomelea, pamoja na kofia yake ya kioo cheusi ya kukinga macho na vikorokoro vyake vyote, ili apate ada ya kuanzia. Mama alikataa katakata. Yeye alikuwa mshonaji, na aliijua hali ya fundi asiye na mashine. Alimwambia mumewe kwamba anataka kufa na tai shingoni kwa ajili ya mabango. Fundi alijibu kwamba mtoto ni mmoja, na ameshaamua. Sinema alikuwa amesimama mlangoni, akisikia kila neno. Nafasi ya kusema alikuwa nayo. Akaenda kuosha vyombo, na mashine ikauzwa.

Fundi akawa kibarua kwa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Huko mafundi watatu walipokezana kofia moja. Ambaye zamu yake haijafika alifumba macho na kuchomelea kwa kukisia, kisha akafumbua kidogo kuangalia kama mshono umenyooka. Mafundi wengi waliwahi kufanya hivyo ujanani, na wote wanajua ni hatari. Lakini kibarua analipwa kwa kazi iliyokwisha, halipwi kwa kusubiri kofia.

Hazikupita siku nyingi, akaletwa nyumbani ameshikwa mkono. Macho yalikuwa yamevimba na machozi yanamtiririka, akisema ni kama yametiwa mchanga wa moto. Daktari alimpa dawa ya matone, akaagiza alale gizani. Alisema jicho la kulia litapona. La kushoto lilikuwa limerukiwa na cheche ya chuma, na hilo hakuliahidi.

Mama alitundika shuka zito dirishani. Sinema aliketi kando ya kitanda, akimbadilishia baba kitambaa cha maji baridi. Baba akamwomba amsimulie chochote, hata kisa cha yule mwizi, apate kusahau maumivu. Sinema alianza kisa cha yule mwizi, akakiacha njiani. Akaanza kulia. 

"Baba, siku ile kule chuoni nilijua," alisema. "Mwanafunzi wa pale aliniambia hawafundishwi. Nilikuficha kwa sababu nilikitaka kile chuo."

Baba alikibonyeza kitambaa usoni. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kabla sijauza mashine?"

"Kabla."

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. 

Pesa zilikuwa bado hazijalipwa chuoni, kwa kuwa usajili ulikuwa haujafunguliwa. Asubuhi Mama alikwenda kwa mnunuzi kumwomba airudishe mashine. Mnunuzi alisikitika, lakini alikwisha kuipeleka mbali kwenye ujenzi, na wateja wake walikuwa wanaitegemea. Mashine ikawa imekwenda moja kwa moja. Mama akalipa ada ya chuo cha umma, akanunua dawa, na kilichobaki akanunua kofia mpya ya kuchomelea. Bila hiyo, alisema, mumewe hatoki mlangoni.

Masomo yalianza fundi akiwa bado gizani. Wiki ya kwanza mwalimu wa uandishi, mzee asiyejua kubembeleza, alifuta nusu ya mazungumzo ya Sinema na kumwambia watu halisi hawasemi hivyo. Sinema aliumia, akaandika upya, na kazi ikawa bora. Alikuwa anafundishwa hasa. Furaha hiyo hakuweza kuipeleka nyumbani akaitangaza.

Jicho la kushoto halikurudi. Siku fundi aliporejea kibaruani, Sinema aliongozana naye, kwa kuwa njia ilikuwa moja. Alimwuliza kama amemsamehe.

"Nilikusamehe siku ileile uliponiambia," alisema baba. "Lakini msamaha haurudishi jicho, mwanangu, na sitakudanganya kwamba haliniumi. Kukitaka kile chuo hakukuwa kosa. Hata mimi nilikitaka, nikaridhika na geti. Ila siku ile nilipokuuliza umeona nini, ulikuwa macho yangu huko ndani. Ulichokiona kilikuwa changu pia. Mtu anapoamua jambo kwa ajili yako, mwambie ukweli wote, hata kama utakukosesha unachokitaka."

 Walipofika kwenye barabara kubwa Sinema alihamia upande wa kushoto wa baba yake, ule asiouona, akamshika mkono na kumvusha, ndipo akaenda darasani.