Mti wa Kijani Ndio Mgonjwa

Tangu mkewe Pavla afariki, Jernej Kobal hakuwa na mtu wa kusema naye kule kijijini Zavrh. Asubuhi alipasha supu ya kabichi chachu, akaila akiwa amesimama, kisha akaingia msituni kwake na msumeno wa injini. Misonobari yake ilikuwa inakufa. Kila uliokauka aliuangusha, na kila wiki mingine ilikauka. Msitu huo aliupanda pamoja na Pavla. Sasa nao ulikuwa unamkimbia.

Kwa nini hakuomba msaada? Ukaidi tu. Aliamini serikali haiji kwa mtu ila kuchukua.

Siku moja Tilka, afisa misitu wa eneo lile, alimkuta akikata peke yake.

"Mzee Jernej! Mti ukikuangukia, nani atajua?"

"Kunguru watajua."

Tilka hakucheka. Aliipita miti mikavu, akapiga magoti chini ya msonobari mmoja wa kijani, uliostawi.

"Huu ndio wa kukata."

"Wee binti, huna macho? Huo mzima! Pavla aliupanda kwa mkono wake."

"Hebu tazama shinani."

Palikuwa na unga wa kahawia, kama kahawa iliyosagwa. Tilka akabandua gome kwa kisu. Ndani wadudu wadogo weusi walijaa tele.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mzee. Kwenye mti mkavu wadudu wameshahama. Umekuwa ukizika maiti, wagonjwa ukawaacha waambukize wenzao. Mti ulioingiwa na wadudu ukate ungali kijani, na gogo ulitoe msituni haraka."

Jernej aliushika ule mti. Machozi yakamtoka.

"Nikiuacha je?"

"Utapoteza yote aliyopanda."

"Basi weka alama ya kukatwa."

Tilka aliweka alama kwenye miti kumi na mmoja. Alimweleza kwamba ushauri ni bure kwa kila mwenye msitu, na kwamba chuo cha misitu huleta wanafunzi wajifunze kwa vitendo. Jernej akakubali, nao wakaja. Wakakata pamoja naye, wakatoa magogo kabla wadudu hawajaruka.

Mwaka uliofuata, baridi ilipokwisha, Jernej alikagua mashina kila wiki. Hakuona unga tena. Wanafunzi walirudi na miche ya miti ya aina nyingi, maana wadudu wale hawali kila mti. Walipanda, wakala kwake, wakataniana kwa kelele, wakamwita babu.

Jioni Tilka akawasha gari.

"Tutarudi Alhamisi, mzee, tumalizie miche iliyobaki."

"Alhamisi ni mbali," alisema Jernej.